Umeme wa Kasanga na hesabu ya dizeli

Jenereta ya dizeli inakula robo lita ya mafuta na ushee kuzalisha uniti moja ya umeme. Ipeleke hesabu hiyo kwenye kituo cha megawati 5, ukubwa wa kituo cha dizeli cha TANESCO mjini Sumbawanga, nawe utapata lita zipatazo 32,000 kwa siku iwapo mitambo yote inanguruma usiku na mchana. Hilo ni karibu tangi zima la lori la mafuta. Lori hilo linatoka Dar es Salaam, linapanda Kitonga, linapita Mbeya na Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na lenyewe linaunguza dizeli njia nzima. Kila lita ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo siku moja ya namna hiyo ni zaidi ya tani 85 za hewa chafu, kabla hujahesabu safari ya lori.

Mitambo haiendeshwi hivyo kila siku. Lakini hesabu hii ndiyo inayotawala kila jambo linalohusu usafi wa umeme katika mkoa ulio mbali na gridi, na bila kuielewa hatuwezi kupima kwa haki kile ambacho shirika letu la umeme limefanya, na kile lisichofanya, kwa watu wa Sumbawanga, Matai na Kasanga.

Kwa miongo mingi gridi ya taifa haikufika pembe zote za Tanzania. Mikoa iliyoachwa nje ilijitafutia njia, kila mmoja kwa jirani au kwa udongo wake. Mtwara na Lindi walipata gesi ya Mnazi Bay. Kagera walichukua umeme wa Uganda kupitia Masaka na Kyaka. Kigoma na Katavi walibaki na jenereta. Rukwa, pamoja na jenereta zake, ilivuta laini ya kilovoti 66 kutoka Mbala nchini Zambia, na kwa laini hiyo TANESCO ikawa mteja wa ZESCO, shirika la umeme la nchi hiyo.

Kimazingira, ule ulikuwa uamuzi mzuri kuliko ulivyosifiwa. Sehemu kubwa ya umeme wa Zambia, zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, inatokana na maji ya Kariba, Kafue na mabwawa mengine. Kila megawati iliyovuka mpaka ilizima megawati ya dizeli Sumbawanga. Hakuna paneli hata moja ya sola iliyofungwa mkoani wakati ule ambayo ingeweza kupunguza moshi kwa kiwango kile, kwa sababu jua halikai usiku, na mahitaji makubwa ya nyumbani huanzia saa moja jioni.

Tatizo lilikuwa umbo la njia yenyewe. Fungua ramani: Kasanga iko karibu zaidi na Mbala kuliko ilivyo na Sumbawanga. Umeme wa Zambia unaingia nchini, unapanda hadi kituo cha kupoza umeme cha Sumbawanga juu ya uwanda wa Ufipa, kisha unarudi kusini magharibi kwa laini ya kilovoti 33 kuelekea Matai na kuteremka hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Barabara ya Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga ina urefu wa kilomita 112, na laini ndefu kiasi hicho ina gharama ambayo mteja haioni kwenye risiti ya LUKU.

Chukua waya wa alumini wa milimita 100 za mraba, ambao si mwembamba, na uupitishie megawati 1 kwa kilovoti 33 hadi mwisho wa kilomita 112. Njiani utapoteza takriban kilowati 35, yaani asilimia tatu na nusu, zinazogeuka joto na kupotea hewani. Si nyingi. Sasa ongeza mzigo hadi megawati 2: kiwanda cha barafu, mashine za kusaga, nyumba mpya. Upotevu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, kwa sababu unafuata mraba wa mkondo wa umeme. Unakaribia kilowati 140, na volteji ya mwisho wa laini inashuka kiasi kwamba taa zinafifia na mota za friji zinapata moto. Waya ukiwa nusu ya unene huo, zidisha upotevu kwa mbili tena.

Nimekaa na hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu upotevu wa umeme ni suala la mazingira na tunaliacha kwa wahasibu. Kwa taifa zima umeme unaopotea katika usafirishaji na usambazaji umekuwa karibu asilimia 15 katika miaka ya karibuni, baada ya kuwa juu ya 20 huko nyuma. Uniti inayopotea kwenye waya imeshazalishwa. Maji yameshapita kwenye mtambo, gesi imeshaungua, dizeli imeshasafirishwa. Kuiokoa uniti hiyo ni kazi safi kuliko kuzalisha nyingine, na hakuna anayeikatia utepe.

Udhaifu wa pili wa laini ya Mbala ni mvua. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa nchini Zambia, na mwaka huo miji ya nchi hiyo ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku kwa sababu Kariba ilikuwa imekauka kupita kiasi. Mteja wa nje aliye mwisho wa laini ya jirani mwenye njaa hana wa kumlalamikia. Umeme wa jirani ukipungua, kinachobaki Sumbawanga ni zile lita 32,000. Hata kwetu si mageni: Oktoba 2015 TANESCO ililazimika kuzima mitambo ya maji baada ya mabwawa kushuka, na miaka ya 2006 na 2011 nchi iliingia kwenye mikataba ya umeme wa dharura wa mafuta ambayo mpaka leo watu wakiitaja hukunja uso. Umeme wa maji ni safi maadamu mvua inanyesha. Ikikatika, mashirika yote ya ukanda huu hukimbilia kitu kimoja.

Kwa hiyo kazi yenye uzito kuliko zote kwa Rukwa, kimazingira, ni mradi wa TAZA, njia ya kilovoti 400 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ikiwa na tawi la kuungana na Zambia. Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2018, na Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya wameingiza fedha zao. Wengi wanauzungumzia kama mradi wa biashara ya umeme baina ya mataifa, na kweli ndivyo ulivyo, kwani unaunganisha soko la umeme la Afrika Mashariki na lile la Kusini mwa Afrika. Kwa mtu wa Ufipa maana yake ni nyingine. Sumbawanga inaacha kutegemea laini ya jirani peke yake, umeme ukiweza kuja kutoka pande mbili. Mvua ikikosekana Kariba, Rufiji inaweza kuwa na maji. Rufiji ikipungua, gesi ya Songo Songo na Mtwara ipo.

Na fizikia ile ile inayoiadhibu laini ya Kasanga inaipa TAZA nguvu. Volteji ikipanda kutoka 66 hadi 400, upotevu kwa kiasi kile kile cha umeme na waya ule ule unashuka zaidi ya mara 36. Hakuna uchawi ndani yake: volteji ikiwa kubwa, mkondo unakuwa mdogo, na mkondo ndio unaochemsha waya.

Tumeshaona njia hii ikifanya kazi. Ruvuma iliishi kwa jenereta kwa miaka mingi hadi laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kilomita 250, ilipokamilika mwaka 2018 kwa msaada wa Sweden. Mitambo ya dizeli ya Songea ikapumzishwa. Wilaya za Kigoma nazo zilianza kuunganishwa na gridi kutokea Nyakanazi mwaka 2022. Katika orodha ya mambo ambayo TANESCO imefanya kupunguza uchafuzi, naweka kuzima jenereta za mikoani juu ya kila kitu, juu ya matangazo ya upandaji miti na juu ya semina za hoteli. Ni kazi ya nguzo na waya, na matokeo yake yanapimika kwa lita.

Je, moshi wa dizeli wa Sumbawanga ulikuwa unalipasha joto Ziwa Tanganyika? Hapana, na tusijidanganye. Watafiti walionyesha mwaka 2003 katika jarida la Nature kwamba maji ya ziwa hilo yamepata joto, tabaka zake hazichanganyiki kama zamani na chakula cha samaki kimepungua, lakini joto hilo ni la dunia nzima na mchango wetu ndani yake ni punje. Hoja ya kuzima dizeli kwetu ni fedha. Kila shilingi inayoungua ndani ya jenereta ni shilingi iliyokosa kubadilisha waya chakavu, kuleta transfoma ya pili kijijini, kupeleka laini kitongoji kinachofuata. Umeme mchafu unalifanya shirika kuwa maskini, na shirika maskini haliwezi kuwa safi.

Lakini gridi nayo ina gharama ya ardhi. Njia ya kilovoti 400 inahitaji mkuza wa takriban mita 50 kwa upana. Uzidishe kwa kilomita 600 na una hekta zipatazo 3,000 ambazo hazijengwi nyumba wala kupandwa mti mrefu. Juu ya uwanda wa Ufipa, ambako miti ni michache na kila shamba la mahindi, maharage, ngano au ulezi lina mwenyewe, nguzo kubwa ya chuma katikati ya shamba si jambo dogo. Mazao mafupi yanaruhusiwa chini ya waya. Mwenye shamba anapaswa kulielewa hilo tangu siku ya tathmini ya fidia, kwa Kiswahili kinachoeleweka, asije akahama eneo ambalo angeweza kuendelea kulilima.

Na umeme unaopita juu yake je? Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, limebadilisha kabisa sura ya gridi. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Kabla yake gesi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu. Sasa maji yamerudi juu. Hata hivyo bwawa lile limejengwa ndani ya Selous, eneo lililoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, na miti mingi ya bonde hilo ilikatwa. Kulifuta hilo kwa kuliita bwawa nishati safi ni kuwanyima wananchi nusu ya taarifa. Sola ya kwanza kubwa ya TANESCO yenyewe ni ile ya Kishapu, Shinyanga, iliyopangwa kufika megawati 150 ikianza na 50. Nashangaa imechukua muda mrefu hivyo kwa nchi yenye jua kama hili.

Nikiwa Kasanga na kuzungumza umeme wa maji, siwezi kuyapita maporomoko ya Kalambo. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja mpakani na Zambia, si mbali na bandari, na kila mwenye akili ya ufundi akiyatazama anajiuliza kwa nini yasizungushe mtambo. Jibu langu liko Kihansi.

Kituo cha Kihansi cha TANESCO, megawati 180, kilianza kazi kuelekea mwaka 2000. Kilichukua karibu maji yote yaliyokuwa yakianguka kwenye korongo lile. Mwaka 1996 watafiti walikuwa wamegundua hapo chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyekuwa akiishi katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Maji yalipoondolewa, makazi yake yakakauka. Ikabidi mamia ya vyura wapelekwe Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mabomba ya kunyunyizia maji yafungwe kwenye kuta za korongo kuiga mvuke ule. Ugonjwa wa ukungu ukamaliza waliobaki, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini. Walianza kurudishwa nyumbani mwaka 2010.

Gharama ya kuiga mvuke huo iliendelea miaka na miaka baada ya mtambo kuwashwa. Kihansi ilifundisha kwamba swali la mazingira lazima liulizwe kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa. Dalili kwamba limeanza kuulizwa ilionekana baadaye kidogo kwenye Mto Malagarasi, pale mpango wa mtambo uliokuwa ugharimiwe na Marekani katika maporomoko ya Igamba ulipoachwa baada ya kuonekana viumbe wasiopatikana penginepo, na fedha zikaelekezwa kwenye sola za shule na zahanati za Kigoma.

Kalambo ina hoja zake. Mto unanyong'onyea wakati wa kiangazi, kwa hiyo mtambo ungelala miezi ambayo umeme unahitajika zaidi. Kwenye kuta zake wanatagia korongo mfuko-shingo. Na upande wa Zambia, juu ya maporomoko, ndipo wanaakiolojia walipotangaza mwaka 2023 kupata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale miaka isiyopungua 476,000 iliyopita. Gridi ikifika vizuri, hakuna sababu ya kuigusa Kalambo.

Tushuke kwenye vitu vidogo, maana huko ndiko shirika linapokutana na ardhi kwa mkono. Nguzo ya mti inayoshikilia laini ya kijijini imelowekwa kwenye dawa ya kuzuia mchwa, mara nyingi mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ikiwa wima haina shida kubwa. Ikianguka na kukatwa kuni, moshi wake na majivu yake ni sumu, na anayeikata hajaambiwa. TANESCO imeongeza nguzo za zege katika miaka ya karibuni, hatua nzuri hasa kwenye majaruba na maeneo ya moto wa nyika. Nguzo kuukuu zinahitaji kukusanywa zote na kurudishwa stoo. Vivyo hivyo mafuta ya transfoma: zile za zamani zinaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo Tanzania, kwa kuridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, iliahidi kuziondoa. Mafuta hayo huibwa na kuuzwa. Mwizi anaweka gizani kijiji kizima, na mnunuzi anashika sumu kwa mikono mitupu.

Sasa mwalo wa Kasanga. Zamani dagaa walivuliwa kwa mwanga wa karabai zinazopigwa pampu na kuunguza mafuta ya taa usiku kucha. Leo mitumbwi mingi inabeba taa za betri, zinazochajiwa nchi kavu kwa umeme au sola. Hayo ni mageuzi ya kweli na yamefanywa na wavuvi wenyewe, kwa hesabu yao wenyewe ya mafuta. Kilichobaki ni pa kupeleka betri zikifa, kwa kuwa risasi iliyomo ndani haitakiwi ufukweni.

Mgebuka una habari tofauti. Samaki huyu akitua asubuhi na barafu ipo, anapanda gari mbichi hadi Sumbawanga na kwingineko. Barafu ikikosekana kwa kuwa umeme ulikatika usiku, anaishia kwenye kichanja cha kukaushia kwa moshi, na moshi huo ni mti uliokatwa kwenye miteremko ya juu ya ziwa. Kila saa ya umeme kukatika Kasanga ina mzigo wake wa kuni. Kwa sababu hiyo naamini kuiimarisha laini ya kilovoti 33 ya Matai hadi Kasanga, kwa waya mnene zaidi au vifaa vya kuinua volteji njiani, ni mradi wa mazingira kama ulivyo mradi wowote wa kupanda miti.

Na jiko. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kuunganishwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo imefungua milango mingi. Lakini jedwali la bei linavuta upande mwingine. Tangu 2016 mteja mdogo wa kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Uniti ya 76 ni shilingi 350, na akizidisha mara kwa mara anahamishiwa kundi ambalo uniti zote ni 292.

Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linaivisha maharage likivuta umeme kamili kwa kama nusu saa, yaani nusu uniti, shilingi 50. Ni nafuu ambayo mkaa hauwezi kuifikia. Ongeza ugali, chai ya asubuhi, maji ya kuoga mtoto katika baridi ya Ufipa, taa, redio na friji ndogo, na familia imevuka kikomo kabla ya mwezi kwisha. Maharage yale yale sasa ni shilingi 175. Mama wa nyumba akiona hivyo analirudisha jiko kabatini na kutuma mtoto akanunue mkaa, na uamuzi wake ni sahihi kwa mfuko wake.

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, na TANESCO wanaweza kulitatua hili bila kujenga kitu. Kikomo cha uniti 75 kiliwekwa kwa ajili ya nyumba yenye taa na redio. Nyumba inayopika kwa umeme ipewe kikomo chake, tuseme uniti 150, kwa bei ya chini ile ile, na kuanze vijiji vya mwambao wa Tanganyika, Kasanga, Kipili na Kabwe, ambako kuni za jikoni na kuni za samaki zinatoka kwenye mlima mmoja. Ombi hili lifike kabla ya bei mpya kupangwa.